Albamu ya Pili ya Profesa, na Hukumu ya Babu

Nimerudi kampasi juzi toka Turiani, likizo imeisha na maswali ya semina yananisubiri. Ila kuna kitu mjomba kanichokonoa nacho, ngoja nikitue hapa kwanza.

Tulikuwa ndani, mvua ya milima ya Nguru inapiga bati, akatoa boksi la kaseti zake. Nikakuta Mapinduzi Halisi ya Professor Jay, ya 2003. Mwaka niliozaliwa mimi! Nikamuuliza, "Mjomba, hii ilipotoka mliipokeaje?" Akacheka. "Sisi tuliipenda. Babu yako aliikataa."

Kwa wasiojua, Jay alitokea Hard Blasters, wale wa Funga Kazi ya mwaka 2000. Mwaka 2001 akatoka peke yake na Machozi, Jasho na Damu, yenye ule wimbo wa Ndio Mzee: mgombea anaahidi makubwa, umati unaitikia. Enzi hizo wazee wengi waliona muziki wa vijana ni uhuni tu. Ndio Mzee ikawafanya watege sikio. Hata babu, mjomba anasema, alikuwa anaomba kaseti irudishwe nyuma.

Basi albamu ya pili ikaja na Zali la Mentali, kamshirikisha Juma Nature. Kisa cha maskini kupendwa na mwanamke mwenye pesa. Vijana wakachizika. Babu akasema huyu mwalimu kaacha somo, anapiga soga.

Hapo mimi na babu hatuelewani. Kwenye Ndio Mzee fukara anasubiri mwanasiasa amtoe. Kwenye Zali la Mentali anatolewa na bahati. Kicheko ni tofauti, shida ni ileile. Somo halikuachwa jamani, lilibadilishiwa darasa tu.

Na kuna kitu kingine. Mwaka 2015 watu wa Mikumi, mkoani kwetu Morogoro, walimchagua huyuhuyu Jay kuwa mbunge kupitia CHADEMA. Mwaka 2020 akakosa kiti. Aliyewaimba watoa ahadi alisimama jukwaani kuomba kura, na wapiga kura walikuwa na kipimo tayari mkononi: wimbo wake mwenyewe. Kwa hiyo hukumu ya albamu haiishi wiki inapotoka.

Sisi wa somo la historia tunakaririshwa vyanzo vya maandishi na vya masimulizi. Kwa muziki huu, ukingoja magazeti peke yake utakosa mengi. Hukumu zilitolewa kwenye vibanda vya kaseti, kwenye daladala, na sebuleni kwa kina babu. Hakuna aliyeziandika.

Nikawasha simu nirekodi, nikamwambia mjomba aanze upya. Babu sikuwahi kumuuliza, na mwaka juzi tulimzika.

Kwenu wazee walisemaje? Waulizeni mapema. Haya, nakimbilia semina.