Mgeni, Bibi Arusi na Picha

Siku moja baada ya darsa ya Alasiri mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Mombasa alinijia pamoja na binti yake. Binti huyo alikuwa ameolewa wiki tatu nyuma. Usiku wa kupambwa, katika ukumbi uliokuwa na wanawake watupu, mgeni mmoja, tena wa ukoo huo huo, alitoa simu akampiga picha. Haikufika Adhuhuri ya pili, picha ile ilikuwa mikononi mwa vijana wasiomhusu kwa ndewe wala sikio. Mama akaniuliza: "Sheikh, huyu mgeni kosa lake ni kupiga picha, au ana kosa jingine?"

Nilimwomba anipe siku mbili. Si kwa kuwa sikuwa na la kumwambia, bali kwa kuwa lile lililokuwa tayari mdomoni mwangu silo alilouliza.

Sisi walimu tukitajiwa picha hukimbilia ile khitilafu ya maulamaa. Sheikh Muhammad Bakhit Al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914, aliandika risala akajuzisha picha ya kamera, kwa hoja kuwa mpiga picha haumbi kitu. Anazuia kivuli tu, kama kioo kinavyozuia sura ya mwenye kujitazama. Sheikh Yusuf Al-Qaradawi katika kitabu chake cha Halali na Haramu cha mwaka 1960 aliifuata njia hiyo. Wengine, na katika wao Sheikh Abdul Aziz bin Baz aliyefariki 1999, walikataa isipokuwa kwa dharura. Kila upande una dalili zake na mimi si wa kuwahukumu mabwana hao. Lakini tazama: mjadala wote huo unahusu mkono unaotengeneza picha. Mama yule alikuwa akiuliza habari ya picha iliyokwisha kutengenezwa: ni ya nani, na ina haki ya kwenda wapi? Kwa swali hilo niliona nirudi katika tarehe.

Kazi ya kupiga picha ilitangazwa Paris mwaka 1839, kwa ufundi wa Daguerre. Haikuchukua muda mrefu kufika kwa Waislamu. Muhammad Sadiq, afisa wa jeshi la Misri, alipiga picha za Madina mwaka 1861 na za Makka mwaka 1880, na alikuwa mtu mwenye heshima zake, anayejulikana anafanya nini. Mwaka 1885 akaingia Makka Mholanzi Snouck Hurgronje, akakaa miezi kadhaa kama mgeni na mwanafunzi. Alipofukuzwa aliiacha kamera yake kwa tabibu mmoja wa mji ule, Sayyid Abdul Ghaffar, naye akaendelea kupiga na kumpelekea picha. Zikatolewa Ulaya katika miaka ya 1888 na 1889, na kazi ya tabibu haikutajwa kwa jina lake. Miongoni mwa picha hizo imo moja ya mwanamke wa Makka aliyevikwa nguo na vito vya bibi arusi. Pambo ambalo kwao lilikuwa la macho ya jamaa, likafunguliwa mezani mwa wasomaji wa Uholanzi na Ujerumani. Msomaji, lishike jambo hili, maana baada ya miaka mia na zaidi limerudi kwetu likiwa ndani ya mfuko wa shangazi.

Huku kwetu pwani wakubwa ndio walioanza. Sayyid Barghash alipozuru London mwaka 1875 alipigwa picha, na hakuna aliyeona ajabu, mfalme huonekana. Mjini Unguja zikafunguliwa studio za Wagoa, wakina Gomes na wakina Coutinho, na humo waungwana walikwenda kwa hiari yao, wakavaa joho na jambia, wakalipa, wakapewa picha yao. Lakini studio hizo hizo zilikuwa na biashara nyingine. Zilitoa kadi za posta zenye sura za wanawake wa Kiswahili, zikauzwa kwa abiria wa meli. Nyingi hazikuandikwa jina la mwanamke aliyemo. Palitosha kuandikwa kuwa ni mwanamke wa Zanzibar. Yaani tangu mwanzo kulikuwa na picha iliyopigwa kwa ajili ya mwenyewe, na picha iliyopigwa kwa ajili ya wengine, na kamera ilikuwa ile ile moja.

Arusi yenyewe ilichelewa kuingiliwa. Wazee wetu walikuwa na mpango wa macho. Wanaume walikuwa na nikaha yao, halua na kahawa yao. Wanawake walikuwa na ndani yao: hina, udi, asumini, ngoma, na siku ya kupamba bibi arusi alikalishwa juu akatazamwa na wanawake wenzake waliokwisha kuvua mabuibui. Mgeni alitoka na alichokiona kichwani mwake. Akisimulia, alisimulia kwa maneno, na maneno ya masimulizi huchujwa: akipita mpaka aliambiwa "Nyamaza, mwenzetu, ya ndani hayo." Baadaye, studio zilipoenea (ya Ranchhod Oza pale Unguja ilifunguliwa mwaka 1930), ikawa desturi kwa baadhi ya watu maarusi waende wenyewe kupigwa picha baada ya siku zao. Wao walichagua nguo, wao walichagua nani asimame wapi. Hapo mgeni hakuwa na shughuli.

Aliyempa mgeni shughuli ni kamera ndogo. Kodak ya kwanza iliuzwa Marekani mwaka 1888, na kwa kadiri bei ilivyoshuka, kila ukoo ukapata kijana mmoja mwenye kamera ya kuning'inia shingoni. Katika ukoo wetu kijana huyo alikuwa mimi.

Ilikuwa mwaka 1981, nina miaka ishirini na moja, nasoma kwa sheikh wangu asubuhi na kusaidia dukani jioni. Mjomba wangu baharia aliniletea kamera. Alipoolewa dada yangu mkubwa, mama alinita chumbani kabla wageni hawajaingia, akaniambia nimpige dada picha moja ya ukumbusho. Mimi ni ndugu yake, sikuwa na la kuogopa. Dada akakataa kidogo, kisha akacheka, akakaa kitako kitandani na asumini zake kichwani. Nikapiga. Kwa wasiozijua siku zile: picha haikuonekana papo hapo. Mkanda ulikuwa na picha thelathini na sita, na lazima upelekwe kusafishwa, na mwenye kuusafisha alikuwa mwanamume asiyekuhusu, amekaa gizani na sura za watu wako. (Zilikuwapo kamera za kutoa picha hapo hapo tangu mwaka 1948, lakini hizo kwetu zilikuwa ghali.) Habari hiyo ya chumba cha giza haikunipitia akilini hata kidogo.

Baada ya siku chache jirani alinivuta kando akaniambia nikatazame dirisha la studio. Nilikwenda. Dada yangu alikuwa amekuzwa, amewekwa katika fremu, anawatazama wapita njia na kichwa chake wazi. Mwenye studio hakuwa mtu mbaya. Aliponiona alitabasamu, akidhani nimekuja kushukuru. Nilipomweleza aliitoa bila ya ugomvi, akaniomba radhi. Lakini shemeji yangu alipita njia ile kila asubuhi akienda kazini, na hakutaja neno hata siku moja. Dada alilitaja mara moja tu. Alisema: "Mimi nilikupa wewe." Tangu siku hiyo hakukaa tena mbele ya kamera, ukiondoa ile ya kitambulisho. Arusi zote za watoto wake zina picha, na yeye hayumo hata moja.

Mikanda ya video ilikuja baada ya hapo, kisha simu, na sasa hakuna chumba cha giza wala dirisha. Mwenye kupiga ndiye mwenye kusafisha na ndiye mwenye kutangaza, kwa kidole kimoja. Wanawake wa Mombasa na Lamu, kusema haki, wameliona jambo hili mapema kuliko sisi tulio na vilemba. Huajiri wapiga picha wanawake, huandika katika kadi za mwaliko kuwa simu haziruhusiwi, na mlangoni huweka mama mkali wa kuzikusanya.

Siku mbili zilipopita nilimwambia mama yule hivi. Ama kuhusu kupiga, iko khitilafu. Ama kuhusu alilotenda mgeni, haiko. Suratun Nur imetufunza tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini, na aliyepewa idhini ya kuingia yeye hakupewa idhini ya kuwaingizia wengine. Yule mgeni aliwafungulia mlango wanaume ambao baba wa binti mwenyewe asingewafungulia. Hiyo ni haki ya mja, haifutwi kwa istighfari ya chumbani. Ampigie magoti binti, awafuate aliowapelekea mmoja mmoja, na kila aliyepokea aifute asiwapelekee wengine. Binti alikuwa akisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akauliza: "Na wakisema wamefuta, nitajuaje?" Sikuwa na jawabu.

Dada yangu alifariki miaka minne iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka huu wajukuu wake wa kike walinijia wakaniomba niwaonyeshe alivyokuwa ujanani, kwani wamesikia ninayo picha. Ninayo kweli, ile ile ya dirishani, ndani ya sanduku la vitabu. Niliitoa. Walinyamaza kitambo, kisha mdogo wao akasema, "Bibi alikuwa mzuri," akainua simu ili aipige ile picha. Niliufunika uso wa dada kwa kiganja. Yule mtoto alinitazama, akaiweka simu chini, nami nikauondoa mkono, tukaendelea kumtazama.