Daftari la Tope

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Tope la mto Sabaki linalo daftari, na aliyeliandika ni tumbawe. Watafiti walichunguza tumbawe lenye umri wa miaka 300 hivi katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, wakasoma tabaka zake moja baada ya nyingine kama mtu asomavyo pete za mti. Kwa karne mbili za mwanzo, udongo ulioletwa na mto ulikuwa kidogo, mwaka nenda mwaka rudi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaanza kuongezeka. Ndipo walowezi wa Kiingereza walipokuwa wakifyeka na kulima nyanda za bara, huko Nairobi na jirani zake, unakoanzia mto Athi. Athi ukishuka huitwa Galana, na ukiingia baharini kaskazini mwa Malindi huitwa Sabaki. Ni mto mmoja wenye majina matatu.

Matumbawe hayapendi tope, kwani huyanyima mwanga na kuyafunika. Lakini msiba wa tumbawe ni karamu ya ndege. Maji yakipwa kwenye mlango wa Sabaki, matuta ya mchanga na tope hubaki wazi, na ndani yake mna minyoo, kaa wadogo na makombe yasiyohesabika. Hapo hushuka vitwitwi kutoka Siberia, heroe kutoka maziwa ya Bonde la Ufa, shakwe na viumbe vya namna nyingi. Kusi inapovuma huja maelfu ya ndege wadogo wa Madagaska, warukao kama mbayuwayu, ambao kwao huzaa na huku huja kupumzika. Hivyo mlango huo haukosi wageni: kaskazi ina wake na kusi ina wake.

Mgeni mwenye historia iliyo karibu zaidi na yetu ni ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama koleo. Huyu huzaa katika visiwa na fukwe za Uarabuni, Ghuba na Bahari ya Shamu, akichimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Akishalea, hushuka Afrika Mashariki, na hori ya Mida, karibu na Watamu, ni mojawapo ya makao yake makubwa nchini Kenya. Mwezi wa Aprili hurudi kwao. Majahazi nayo yalifuata njia hiyo hiyo: yalishuka na kaskazi yakibeba tende na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko za kuezekea nyumba za Maskati na Basra. Biashara hiyo ilikula mikoko kwa karne nyingi, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Wakati huo serikali ilikuwa imekwisha kuchora mipaka ya hifadhi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, zikiwa za kwanza nchini, na mwaka 1979 UNESCO ikazitambua kuwa hifadhi ya viumbe hai ya dunia. Mpaka ulipita palipo na uzuri unaoonwa na mtalii: maji maangavu, samaki wa rangi, bustani za matumbawe. Hori ya Mida ikaingia ndani ya mpaka. Mlango wa Sabaki, wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, ukaachwa nje. Wataalamu wa ndege wameutaja kuwa eneo muhimu la ndege duniani, lakini kutajwa si kulindwa. Tope likabaki mali isiyo na mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hupata wenyewe haraka.

Waliokuja kwanza kaskazini ya hapo walikuja na chumvi. Kuanzia miaka ya 1970, ufuo wa Gongoni hadi Kurawa uligeuzwa mabwawa: maji ya bahari huingizwa, hupitishwa bwawa hadi bwawa huku jua likiyakausha, mpaka chumvi igande. Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya hutoka huko. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara, na wananchi wakalalamikia kupoteza ardhi, mikoko kukatwa na visima kuingia chumvi. Ndege nao hawana jibu jepesi. Mabwawa ya mwanzo, ambayo chumvi yake haijakolea, huwalisha heroe na vitwitwi, ilhali mabwawa ya mwisho, chumvi inapoganda, hayana chakula chao.

Kusini, mvutano ulikuwa mkali zaidi. Uyombo, kijiji kilicho jirani na Mida, kilipendekezwa kuwa mahali pa kinu cha kwanza cha nyuklia cha Kenya. Wavuvi na wakazi wakakataa, na mwaka 2024 waliandamana. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya. Upande wa Mida, njia iliyochaguliwa ni nyingine: daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, na fedha za wageni zikasaidia karo za watoto wa vijiji vya jirani kupitia mpango wa shirika la A Rocha Kenya. Kwa mzazi wa kijiji kama Dabaso, kitwitwi akawa na faida inayohesabika.

Hata hivyo, hakuna daraja linaloweza kuzuia udongo unaoshuka na mto kutoka Machakos wala maji machafu ya viwanda vya Nairobi. Mla kaa wa Mida anahitaji mchanga wa Uarabuni ubaki salama, na kitwitwi wa Sabaki hulishwa na mto ambao hatima yake huamuliwa mamia ya kilomita kutoka baharini. Mwaka 2024 hatari ya kutoweka kwa baadhi ya vitwitwi wahamao ilipandishwa ngazi katika orodha ya dunia, akiwemo yule mwenye mdomo uliopinda anayeshinda Sabaki akichokoa tope.

Ndege hawa huhesabiwa bamvua likijaa, maji yanapowasukuma wakabanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki kikavu. Mhesabuji husimama mbali, asije akawarusha, akaandika. Tumbawe liliandika karne tatu bila kuombwa, na aliyelisoma alilisoma tope likiwa limekwisha kufika.