Kisu cha Tabibu, Kutoka Kurtuba hadi Bonde la Ruvuma

Hapa kwetu Mahurunga, jirani na pale mto Ruvuma unapoingia baharini, mtu akiambiwa kwamba tiba yake ni kupasuliwa, jamaa zake hulia kabla yeye mwenyewe hajalia. Utawasikia wakisema kwamba kisu ni mambo ya Wazungu. Na wanaume wanaosema hivyo wote wamepita jandoni! Ngariba aliwakata wangali watoto, wakapona, wakachezewa ngoma. Nami nilikuwa mmoja wao, wala sikumbuki kumsikia mtu akiuita ule upasuaji.

Ndugu msomaji, jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu, naye akamkata mshipa kisha akamchoma mahali pale kwa moto ili damu ikome. Na karne chache baadaye, huko Andalus, karibu na mji wa Kurtuba, akatokea Abul-Qasim Az-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka 1013. Aliandika kitabu kikubwa cha tiba chenye milango 30, kiitwacho At-Tasrif, na mlango wa mwisho akauweka kwa upasuaji peke yake: kuchoma kwa moto, kukata na kushona, na kuunga mifupa. Humo alichora vyombo vya kazi yake, kiasi cha 200, ili fundi aweze kuvitengeneza kwa kutazama.

Kilichonipendeza zaidi ni maneno yake juu ya tohara. Anasema matabibu wa kale hawakuacha mafundisho ya jambo hilo, kwa kuwa halikuwa katika sheria zao, kwa hiyo yeye alijifunza kwa kutenda. Alipendelea mkasi, akafunga uzi kwanza, na akamwagiza tabibu auche ule mkasi mtoto asiuone. Ngariba wetu nao walijua hila hiyo!

Lakini Az-Zahrawi hakusifu kisu ovyo. Alisimulia habari ya tabibu mjinga aliyepasua uvimbe shingoni mwa mwanamke bila kujua mishipa inapopita, naye akatokwa na damu mpaka akafa. Asiyejua maungo ya ndani, alionya, asishike kisu. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliufasiri mlango huo wa upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na matabibu wa Ulaya wakausoma kwa karne nyingi. Basi hayo mnayoyaita mambo ya Wazungu, wao wenyewe waliyasoma kwetu.

Haki ni kusema pia walichoongeza. Mwaka 1846, mjini Boston, mgonjwa alivutishwa hewa ya dawa iitwayo etha akapasuliwa bila kulia, na hiyo ndiyo asili ya nusu kaputi. Mwaka 1867 Joseph Lister akaeleza jinsi ya kuzuia kidonda kisioze kwa kuua vijidudu. Kabla ya hapo wengi walinusurika na kisu wakauawa na usaha.

Kusini kwetu, Dakta Leader Stirling alianza kupasua watu huko Lulindi, wilaya ya Masasi, katika miaka ya 1930, kisha akahamia Mnero. Alikuwa mmisionari, hilo halifichiki. Lakini alichukua uraia wa nchi hii, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wetu wa Afya.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Pwani hii ina maradhi mawili ambayo wanaume huyaficha ndani ya kanzu: busha na ngiri. Busha ni maji yaliyojaa katika mfuko wa korodani. Wazee husema huletwa na madafu. Sivyo. Wengi katika pwani yetu hulipata kwa minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Tangu mwaka 2000, kwa kuanzia Mafia, serikali iligawa vidonge vya kuzuia minyoo hiyo isienee, lakini maji yaliyokwisha kujaa hayaondoki kwa kidonge. Daktari hupasua ngozi, huyatoa, kisha huukata ule mfuko wa ndani au huugeuza na kuushona yasijae tena.

Ngiri ni utumbo uliopenya mahali palipolegea tumboni. Hiyo haina subira. Ikikaza, ikauma, isirudi ndani, na mtu akaanza kutapika, utumbo umebanwa na unaweza kuoza kwa muda wa saa chache. Mjomba wangu alikaa siku tatu akinyweshwa mizizi nasi tukimsomea. Tulipomtia kwenye machela alikuwa amekwisha kunyamaza. Kumsomea hakukuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kungoja.

Mwenzetu mmoja msikitini aliswali miaka mingi safu ya nyuma, karibu na mlango, kwa haya ya busha. Mwaka jana alikuja kuniuliza, akipasuliwa, udhu wake utakuwaje? Nikamjibu kwamba hupaka maji juu ya bendeji, na maji yakimdhuru hutayamamu. Asiyeweza kusimama huswali ameketi. Akaenda Mtwara mjini, akadungwa sindano ya mgongo, akapasuliwa yu macho. Aliporudi aliniuliza kwa nini sikumwambia haya zamani, nami humwona kila siku. Sikuwa na la kumjibu.