Ulezi, Maziwa na Kalsiamu ya Damu Tarime na Serengeti
Kabla mahindi na mihogo havijatawala mashamba ya Tarime na Serengeti, ugali wa Wakurya ulikuwa wa ulezi, ambao pia huitwa wimbi. Ulishushiwa kwa maziwa, na pengine kwa damu ya ng'ombe iliyokingwa kwenye mshipa wa shingo. Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za kalsiamu. Mahindi hayafikishi hata 20. Asidi ya faitiki huzuia sehemu ya madini hayo yasifyonzwe, ila kuotesha nafaka, kama ifanywavyo kwa kimea cha pombe, hupunguza kizuizi hicho.

Je, kipimo cha kalsiamu ya damu kingeonyesha kwamba ulezi umetoweka mezani? La hasha, na hapo ndipo wengi hukielewa vibaya. Mwaka 1925 James Collip, huko Kanada, alitenga dondoo yenye homoni ya tezi za parathairoidi. Chakula kikipungukiwa, homoni hiyo huchota kalsiamu mifupani, na damu ikabaki na miligramu 8.5 hadi 10.5 hivi kwa desilita. Mifupa inaweza kudhoofika miaka mingi huku majibu ya maabara yakiwa mazuri.

Kiwango cha kalsiamu ya damu kikipanda, hushukiwa tezi za parathairoidi au saratani. Kikishuka, huchunguzwa figo, vitamini D na magnesiamu. Albumini nayo hupimwa, maana ikiwa chini, kalsiamu huonekana pungufu kuliko ilivyo.