Tarehe ya Ukerewe, Wilaya ya Majini

Kwenye makabrasha ya serikali, Wilaya ya Ukerewe ina kilomita za mraba 6,400. Kati ya hizo, 5,760 ni maji ya Ziwa Viktoria. Nchi kavu ni 640 tu, tena imetawanyika katika visiwa 38, na sensa ya 2012 iliwakuta humo watu wapatao 345,000. Kila aliyepata kuitawala nchi hii alikabiliana na jambo hilohilo: watu huongezeka, ardhi haiongezeki, na amri au dawa yoyote sharti ivuke maji.

Utemi ulikuwa wa ukoo wa Wasilanga, ambao kwa masimulizi yao wenyewe walitoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Mtemi Lukonge ndiye aliyempokea Henry Morton Stanley mwaka 1875 na kumpatia mitumbwi. Miaka miwili baadaye, Desemba 1877, wamisionari Waingereza wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani Ukerewe katika ugomvi uliomhusu Songoro, mfanyabiashara aliyekuwa akiunda chombo huko. Wajerumani, kisha Waingereza, walitawala kwa mkono wa watemi, ambao jumba lao lilikuwa Bukindo. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikauondoa utemi, na mamlaka yakabaki kwa maofisa wa Nansio, makao makuu ya wilaya.

Lakini kama kuna watu waliostahili kuandikwa mwanzo katika tarehe hii, ni wakulima wa Ukara, kisiwa cha pili kwa ukubwa. Udongo wao ni mchanga uliomomonyoka kutoka kwenye majabali, wala hauna rutuba ya kujivunia. Wakara waliulisha. Ng'ombe walifungwa ndani, wakakatiwa majani na kuletewa, na samadi ikakusanywa shimoni mpaka msimu wa kuipeleka shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, kisha wakayafukia yaoze. Kila mti ulikuwa na mwenyewe, hata majani yake. Wataalamu wa kikoloni walikuja kutazama na kusifu, wakitamani Bara iige.

Bara haikuiga, na Mkara mwenyewe alipohamia huko, penye ardhi tele, mara nyingi aliiacha kazi ile. Wapo walioona huo ni uvivu. Mimi naona alijua kupiga hesabu: jasho lote lile lilikuwa bei ya kuishi mahali pasipo na nafasi, na penye nafasi hakuwa na sababu ya kuilipa.

Serikali iliziondoa halmashauri mwaka 1972 na kuzirudisha miaka ya themanini, na leo Ukerewe ina tarafa, kata na vijiji vyake kama wilaya nyingine. Hata hivyo, kuhesabu watu huku si kazi ya kawaida. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikitawala wavuvi hupumzika, wengine hurudi makwao. Kambi za visiwani hujaa na kupungua kwa kuufuata mwezi. Sensa humhesabu mtu alikolala. Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 mwezi ulikuwa umebakiza siku chache kuisha, yaani majira ya kazi, na karani ilimbidi amtafute mvuvi mwaloni.

Alhamisi, 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora, kisiwani Ukerewe, siku ya gulio, kikielekea Bwisya, Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilipinduka karibu kabisa na gati, wakafa watu 228, baadhi yao wakazikwa pamoja palepale Bwisya. Msiba ule hauwezi kuandikwa kama ajali tu. Kisiwa chenye msongamano wa watu kama Ukara kilitegemea chombo kimoja kidogo kwenda sokoni na kurudi, na yeyote aliyesoma takwimu za sensa angeweza kujua kwamba hakitoshi. Baadaye kikaja kivuko kipya, MV Ukara II.

Sensa ya 2022 ilionyesha wakazi zaidi ya 380,000. Ni wengi, ila kasi imepungua: ongezeko la miaka hiyo kumi ni karibu nusu ya lile la muongo uliotangulia, ingawa vizazi havijakoma. Vijana wanavuka maji kutoka Rugezi kwenda Bunda, wengine Mwanza na Geita, kutafuta shamba la ukubwa ambao babu zao hawakuwahi kulima.