Chekeche
Chekeche ni chombo chenye matundu kinachotenganisha punje kubwa na ndogo. Kitenzi chake ni kuchekecha: unga huchekechwa, tui huchujwa, mpunga hupepetwa. Katika maabara za udongo, chekeche lenye matundu ya mikromita 75 hutenga mchanga na chembe laini zaidi. Lakini waya zake huchakaa na matundu hutanuka, hivyo chombo chenyewe lazima kihakikiwe: vigololi vya kioo vya ukubwa unaojulikana huchekechwa, kisha uzito wa vilivyopenya hulinganishwa na cheti chao. Uhakiki huu haufai kuahirishwa hata kidogo, maana chekeche bovu hutoa takwimu zinazoaminika huku zikipotosha. Kukiita chombo hiki “chujio” ni kosa. Chujio ni la vimiminika.