Taa za video chini ya maji

Taa za video chini ya maji ni taa zisizopenyeza maji, zinazomulika mfululizo ili kamera inase rangi zinazomezwa na bahari. Wekundu hutoweka kwanza: kufikia kina cha mita 5 hivi, sehemu yake kubwa imekwisha. Kwenye mita 20 na zaidi, damu ya mpiga mbizi aliyejichuna kwenye matumbawe huonekana kijani. Akiimulika, wekundu unarudi papo hapo.

Wauzaji hutangaza zaidi idadi ya lumeni, lakini lumeni peke yake hazitoshi kuchagulia taa. Upana wa mwale una uzito uleule. Lenzi pana hudai nyuzi 100 au zaidi, la sivyo picha hupata doa jeupe katikati na giza pembeni. Kwa rangi za kuaminika, inafaa taa ya takriban kelvini 5,000 hadi 5,600 yenye kipimo cha usahihi wa rangi cha 90 kwenda juu, hata ikigharimu zaidi.

Hata taa kali hurudisha rangi kwa mita moja au mbili tu, kwani mwanga hupungua ukienda na ukirudi. Kusogea karibu hakuna mbadala. Taa ikikaa jirani na lenzi, chembechembe za majini hung'aa na kuichafua picha. Ndiyo maana taa mbili hufungwa kwenye mikono mirefu, kushoto na kulia, nyuma kidogo ya lenzi.

Taa hizi nyingi ni za LED na hutumia betri za lithiamu. Betri za akiba husafirishwa kwenye mzigo wa mkononi ndani ya ndege.